Annobón: Kisiwa Kilichokosa Mapadre Lakini Hakikukosa Sala



Fungueni ramani ya Afrika. Wekeni kidole mahali ambapo mto Kongo unamwaga maji yake baharini, kisha kipelekeni kaskazini-magharibi, mkiiacha pwani ya Gabon kwa umbali wa kilomita 350 hivi. Huko, kusini kidogo ya mstari wa ikweta, pana nukta ambayo wachora ramani wengi huiacha kwa kukosa nafasi. Ni kisiwa cha Annobón. Eneo lake ni kilomita za mraba 17 tu, na wakaaji wake wapata elfu tano. Kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu kingeweza kukimeza zaidi ya mara kumi.

Pamoja na udogo huo, Annobón ni jimbo zima la nchi ya Guinea ya Ikweta. Jimbo la serikali, si la Kanisa. Mji wa Malabo uko katika kisiwa kingine, umbali wa zaidi ya kilomita 600, na kati yao ziko nchi nyingine: visiwa vya São Tomé na Príncipe. Mwananchi wa Annobón akitaka kwenda Malabo, hana budi kupita mbele ya mlango wa jirani.

Kwa nini kikundi cha vijana wa parokia kikae kuzungumza juu ya nukta ya mbali namna hiyo? Kwa sababu historia yake inatuuliza swali ambalo kila parokia ya mbali inalijua: wakubwa wasipofika, ni nani anayeishikilia jamii isivunjike?

Mlima uliochomoza baharini

Annobón ni kilele cha volkano iliyozimika. Kuna mstari wa milima ya moto unaoanza barani, mahali uliposimama mlima Kamerun, kisha ukashuka baharini na kuchomoza mara nne: Bioko, Príncipe, São Tomé, na mwisho kabisa Annobón, kilicho kidogo kuliko vyote. Urefu wake ni kilomita sita na kitu, upana wake kama tatu. Kilele cha Quioveo kinafika mita 598, na katika shimo la volkano ya kale limetulia ziwa la maji baridi, likizungukwa na msitu. Katika msitu huo huishi ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye hapatikani penginepo popote duniani.

Ardhi tambarare ni haba. Sehemu kubwa ya watu wamekusanyika San Antonio de Palé, upande wa kaskazini. Wengine wako katika vijiji vya Anganchi, Aual na Mábana. Wanawake hupanda mihogo na ndizi kwenye miteremko, wanaume huenda baharini kwa mitumbwi iliyochongwa kutoka gogo moja. Karibu na pwani hujengwa kibanda kiitwacho vidjil, ambamo wanaume hupumzika, hutengeneza vyombo vyao vya uvuvi, huzungumza mambo ya kijiji na kuwangojea walio bado baharini.

Katika miezi ya kiangazi nyangumi wakubwa hufika karibu na kisiwa pamoja na ndama wao. Kwa vizazi vingi wanaume wa Annobón waliwafuata kwa mitumbwi hiyo hiyo, wakiwa na chusa mkononi. Fikirini: watu wachache ndani ya gogo, na mbele yao mnyama anayeweza kuwapindua kwa pigo moja la mkia. Kazi kama hiyo haifanywi na mtu mmoja hodari. Hufanywa na watu wanaoaminiana.

Jina jema, mwanzo mchungu

Mabaharia Wareno walikiona kisiwa hicho katika miaka ya 1470, siku ya kwanza ya Januari. Ndiyo sababu wakakiita Ano Bom, maana yake Mwaka Mwema. Hawakukuta mtu. Hakukuwa na moshi wala njia ya miguu.

Wakaaji wa kwanza hawakuja kwa hiari. Waliletwa katika karne ya 16 kutoka São Tomé, ambako Wareno walikuwa wamefungua mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Na watumwa wa São Tomé walitoka wapi? Wengine walitoka pande za Benin na delta ya Niger. Wengine walitoka Angola. Na wengi walitoka katika ufalme wa Kongo, wakipakiwa melini katika bandari ya Mpinda, karibu na mdomo wa mto wetu. Mwaka 1526 mfalme Afonso wa Kwanza, Mvemba a Nzinga, alimwandikia mfalme wa Ureno kumlalamikia kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiwakamata watu wake kila siku, hata wana wa wakuu na jamaa zake mwenyewe, na kwamba nchi ilikuwa inabaki tupu. Afonso alikuwa mkristo, na aliyeandikiwa alikuwa mkristo. Biashara haikukoma.

Kwa hiyo tunaposema habari za Annobón hatusemi habari za wageni kabisa. Miongoni mwa mababu wa kisiwa hicho wamo watu waliong'olewa katika nchi za mto huu. Hata Kanisa liliwaunganisha: dayosisi ya São Tomé ilipoundwa mwaka 1534, ilikabidhiwa visiwa na pia ufalme wa Kongo, mpaka mwaka 1596 Kongo ilipopata dayosisi yake mwenyewe huko São Salvador.

Wale waliokutanishwa kisiwani hawakuwa na lugha moja. Kutokana na Kireno cha mabwana na lugha za Afrika walizobeba vinywani mwao, walijengewa, au tuseme walijijengea, lugha mpya. Inaitwa Fa d'Ambô, yaani lugha ya Annobón, na ni ndugu wa karibu wa lugha za São Tomé. Leo serikali na shule hutumia Kihispania, lakini nyumbani, mtumbwini na kwenye vidjil bado ni Fa d'Ambô. Kwa watu walionyimwa kila kitu, lugha hiyo ilikuwa nyumba ya kwanza waliyoijenga.

Wasakristani

Kisiwa hakikuwatajirisha Wareno. Hakikuwa na dhahabu, wala mashamba makubwa, wala bandari salama. Meli zilizokwenda mashariki kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema zilitia nanga kwa muda mfupi kuchukua maji, machungwa na kuku, zikaacha nguo na vyuma, zikaendelea na safari. Polepole mabwana na wasimamizi wao wakapungua, na wakaaji wakabaki wakijitawala wenyewe. Uhuru wao haukutangazwa kwa ngoma. Ulikuja kwa kusahauliwa.

Lakini kusahauliwa kuna pande mbili. Kama walivyosahauliwa na wasimamizi, ndivyo walivyosahauliwa na wachungaji. Padre alifika mara chache, akitoka São Tomé au akipita na meli, na kati ya ziara moja na nyingine miaka mingi ilipita. Mtoto aliweza kuzaliwa, kukua, kuoa na kuwa mzee bila kuona Misa.

Hapo ndipo wanapoingia watu ambao majina yao mengi hatukuachiwa: wasakristani. Kazi ya msakristani, mahali penye padre, ni kutunza kanisa, kuandaa mavazi na vyombo, kupiga kengele. Annobón ilimfanya zaidi ya hapo. Aliwakusanya watu siku ya Bwana, akaongoza sala zilizorithiwa kwa Kireno cha kale na Kilatini, akashika hesabu ya sikukuu, akawaongoza katika maandamano ya Juma Takatifu, akawazika wafu. Mkubwa wao alikuwa na heshima kubwa katika kijiji. Alipozeeka, aliwafundisha wengine, nao wakapokea. Mabaharia wa Ulaya waliopita huko katika karne ya 18 na ya 19 walishangaa kuwakuta watu wanaojiita wakristo, wenye kanisa na misalaba, na ambao hakuna mmisionari aliyekaa nao.

Tusiipambe historia hii kupita kiasi. Maneno ya Kilatini yanayopokewa kwa masikio bila kitabu hubadilika. Mafundisho bila mwalimu hupungua, na mambo mengine huchanganyika. Zaidi ya hayo, walei wanaweza kubatiza kwa haja, wanaweza kusali, kufundisha na kufariji. Hawawezi kuadhimisha Ekaristi wala kuondolea dhambi. Watu wa Annobón walifunga mfungo wa Ekaristi kwa vizazi, bila kuuchagua. Msakristani hakuuponya ufukara huo. Alichofanya ni kuhakikisha kwamba siku padre atakapofika atakuta watu wanaomngojea.

Na kuna jambo lingine gumu zaidi. Imani hiyo ililetwa kisiwani na watu wale wale waliowaleta babu zao katika minyororo. Waliokuwa watumwa wangeweza kuitupa baharini siku ile mabwana walipoondoka. Hakuna askari aliyebaki kuwalazimisha. Hawakuitupa. Waliishika, wakaisali kwa midomo yao, wakaifanya mali yao. Hatuwezi kuingia katika mioyo yao na kueleza yote. Lakini tunaona tendo lenyewe: kilichokuwa cha bwana kikawa cha watu, na bwana hakuwepo.

Bendera iliyokataliwa

Mwaka 1777 na 1778, huko Ulaya, Ureno na Hispania zilimaliza ugomvi wao wa mipaka ya Amerika ya Kusini kwa mikataba miwili, ya San Ildefonso na El Pardo. Katika mapatano hayo Ureno iliipa Hispania visiwa vya Fernando Poo, ambacho leo ni Bioko, na Annobón. Wakaaji hawakuulizwa. Walihamishwa kutoka mfalme mmoja hadi mwingine kama shamba linavyobadilisha mwenyewe.

Msafara wa Kihispania ulitoka Montevideo mwezi wa Aprili 1778 ukiongozwa na Conde de Argelejo. Mwezi wa Oktoba alichukua rasmi Fernando Poo. Alipokuwa njiani kwenda Annobón, mwezi wa Novemba, alifia baharini. Msaidizi wake, luteni kanali Joaquín Primo de Rivera, aliendelea na safari. Walipofika Annobón walikuta watu wasiotaka kusikia habari za mfalme mpya. Wakaaji walikataa kumtambua, na maofisa wakaondoka bila kufanya walilotumwa. Mikataba iliyotiwa sahihi na wafalme wawili ilishindwa mbele ya kijiji cha wavuvi.

Zaidi ya miaka mia moja ikapita kabla Hispania haijakaa Annobón kweli. Waliotangulia walikuwa wamisionari Waklareti, waliofika Fernando Poo mwaka 1883 na kufungua misheni ya Annobón mwaka 1885. Walileta Misa, shule na dawa. Walikuta pia wasakristani. Tunaweza kuelewa ugumu wa makutano hayo. Padre kijana aliyetoka Hispania aliona makosa ya ibada yanayohitaji kusahihishwa. Mzee wa kisiwa alimwona mgeni aliyefika baada ya kazi kufanyika. Wote wawili walikuwa na sababu. Kanisa linalofika mahali hujaribiwa kusahau kwamba Roho huenda alitangulia kufika.

Baada ya misheni ilikuja serikali, nayo ilikuwa nyembamba. Kwa miaka mingi utawala wote wa Kihispania kisiwani ulikuwa mikononi mwa mjumbe mmoja, mara nyingi askari wa cheo cha chini. Mwezi wa Novemba 1932, gavana mkuu wa koloni, Gustavo de Sostoa, alipozuru Annobón, aliuawa na mjumbe wake mwenyewe, sajini Restituto Castilla. Ndivyo unavyokuwa utawala wa mbali: mtu mmoja anapewa mamlaka yote juu ya wengine, na hakuna wa kumuuliza neno mpaka maafa yatokee.

Umbali unaotengenezwa

Guinea ya Ikweta ilipata uhuru tarehe 12 Oktoba 1968. Rais wa kwanza, Francisco Macías Nguema, aliigeuza nchi kuwa gereza. Annobón ilibadilishwa hata jina, ikaitwa Pagalu, na jina la kale lilirudi baada ya yeye kuanguka mwaka 1979. Katika miaka hiyo meli zilikoma kufika kwa muda mrefu, na kipindupindu kiliwashambulia watu wasiokuwa na dawa. Mwandishi Juan Tomás Ávila Laurel, ambaye wazazi wake ni wa kisiwa hicho, ameieleza hali hiyo katika riwaya yake ya mwaka 2009, *Arde el monte de noche*: kisiwa ambako hakuna sabuni, hakuna kiberiti, hakuna mafuta ya taa, na wakubwa kwa wadogo hutazama bahari wakingoja chombo kisichotokea. Mwaka 1978 Macías alifikia kulipiga marufuku Kanisa Katoliki nchini. Kwa mara nyingine watu wa Annobón walibaki bila padre. Na kwa mara nyingine walijua la kufanya, maana babu zao walikwisha kulifanya.

Katika miaka ya 1990 mafuta yaligunduliwa kwa wingi katika bahari ya Guinea ya Ikweta, na nchi ikawa tajiri katika vitabu vya hesabu. Kisiwa kilipata uwanja wa ndege. Hata hivyo malalamiko ya kutengwa hayakukoma. Mwezi wa Agosti 1993 wakaaji waliandamana, na watu wawili waliuawa. Mwezi wa Julai 2024, kwa mujibu wa vyombo vya habari vya kimataifa, wakaaji waliandika barua kulalamikia milipuko ya baruti ya kampuni ya ujenzi, ambayo walisema iliharibu nyumba na mashamba yao. Makumi ya watu walikamatwa, na mawasiliano ya simu na intaneti kisiwani yakakatwa.

Tutafakari jambo hilo la mwisho. Katika karne ya 17 Annobón ilikuwa mbali kwa sababu ya upepo na mawimbi. Katika karne ya 21 mtu mmoja alibonyeza kitufe, na kisiwa kikawa mbali tena. Umbali wa kwanza uliumbwa na bahari. Wa pili umetengenezwa na watu. Sisi wa Kongo tunaujua umbali wa namna hiyo bila kuvuka bahari. Tunazo parokia ambazo haziko mbali kwa kilomita, bali kwa barabara isiyotengenezwa, kwa daraja lililoanguka na halikurudishwa, kwa vita vilivyoachwa viendelee. "Mbali" si kipimo cha ardhi tu. Mara nyingi ni uamuzi.

Urithi kwa ajili yetu

Mwaka 1961 maaskofu wa nchi yetu walichagua jumuiya ndogo za kikristo, zile ambazo sehemu nyingi tunaziita mashirika, ziwe msingi wa uchungaji. Katika miaka ya 1970 Kardinali Malula aliwaweka walei, waitwao bakambi, kuziongoza parokia za Kinshasa. Wengi walidhani ni mambo mapya. Lakini watu wenye damu moja na sisi walikuwa wameishi jambo la jamaa hiyo kwa karne nyingi, juu ya jiwe katikati ya bahari, bila hati ya askofu na bila semina ya mafunzo.

Kutokana nao tunapata maneno mawili, na tusiyatenganishe. La kwanza ni kwa walio mbali: msingoje kukumbukwa ndipo muanze. Msakristani hakusema, "Padre akija tutasali." Alipiga kengele. La pili ni kwa walio karibu na madaraka, katika Kanisa na katika serikali: uvumilivu wa walio mbali usiwe sababu ya kuwaacha. Mtu aliyejifunza kuishi bila msaada wetu hajatufutia deni. Atakayewasifu watu wa Annobón kwa ushujaa wao, halafu akawaacha walivyo, amewafanyia mzaha.

Siku moja baadhi yenu mtakuwa mapadre, waalimu, wauguzi, maofisa. Mtatumwa mahali ambapo barabara imekwisha. Mkifika, kabla ya kufungua mizigo yenu, ulizeni kwanza: ni nani aliyekuwa akipiga kengele hapa? Mtafuteni, msalimuni kwa heshima, na kazi yenu ianzie kwake.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika parokia au kijiji chetu, ni walei gani walioishika jamii wakati padre au serikali haikuwepo? Je, tumekwisha kuandika majina yao?

2. Watu wa Annobón waliipokea imani kutoka kwa waliowatesa, wakaifanya yao. Sisi tumeipokea kutoka kwa nani, na ni nini kinachoonyesha kwamba sasa ni yetu?

3. Ni nani aliye "mbali" nasi leo kwa sababu ya uamuzi wa watu, si kwa sababu ya kilomita? Kikundi chetu kinaweza kufanya nini kabla ya mwisho wa mwaka huu?